Mvua Imesafika, Udongo Bado

Mvua ya asidi husimuliwa kwa ufupi mno. Makaa ya mawe yanachomwa, moshi wenye salfa unapaa, mvua inashuka, samaki wanakufa. Hadithi hiyo si ya uongo, ila imerukwa katikati, na humo katikati ndimo ilimo kazi yote ya modeli, yaani hesabu zinazoiga safari ya asidi. Kati ya dohani na samaki kuna udongo. Udongo ndio unaoamua ziwa lipi life, life lini, na kama litapona. Nimezichezea modeli hizi kwa muda sasa, za wataalamu na nyingine ndogo ninazojitungia kwenye jedwali la kompyuta, na kinachonirudisha kwake kila mara ni kioja kimoja: modeli iliyofanikiwa kuliko zote kubadili sheria haijui wakati ni nini.

Historia nitaipitia haraka. Mkemia Robert Angus Smith alichunguza mvua ya miji ya viwanda Uingereza na kuandika kitabu mwaka 1872, lakini kwa karibu karne nzima jambo hili lilihesabiwa kuwa karaha ya wanaoishi karibu na viwanda. Aliyeligeuza kuwa ugomvi wa mataifa ni Svante Odén, mtaalamu wa udongo wa Sweden, aliyeandika katika gazeti la Dagens Nyheter mwaka 1967 kwamba asidi inayoangukia Skandinavia inasafiri kutoka nchi nyingine. Wakati huohuo wahandisi walikuwa wakiendelea kurefusha dohani ili mji wa jirani upumue. Ile ya Sudbury, Kanada, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na urefu wa mita 381. Mji ulipata nafuu, na salfa ikapewa nauli ya kwenda mbali zaidi.

Sasa tuingie ardhini. Mvua safi kabisa tayari ina asidi kidogo, pH ya karibu 5.6 (pH ikishuka, asidi imezidi), kwa sababu ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani yake. Kila tarakimu moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo mvua ya pH 4.2, ambayo ilikuwa ya kawaida kusini mwa Skandinavia na kaskazini-mashariki mwa Marekani miaka ya 1970, ina asidi zaidi ya mara ishirini ya hiyo. Hata hivyo mvua hiyo haifiki ziwani ilivyo. Inapita kwenye udongo, na chembe za udongo zimeshikilia kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu kwa chaji za umeme. Hidrojeni ya asidi inapoingia, inakaa mahali pa kalsiamu, na kalsiamu inatoka na maji ikiwa imefuatana na salfeti. Maji yanayotiririka kwenye kijito yanakuwa mazuri tu. Aliyelipa ni udongo.

Wanaohesabu mambo haya hawatumii kilo. Hutumia ekwivalenti, yaani wanahesabu chaji. Niweke namba za mfano, nilizozichagua ili hesabu iende vizuri. Hekta moja ya msitu, udongo wa kina cha nusu mita, uzito wa tani 5,000 hivi. Kila kilo ina nafasi za kushika miliekwivalenti 50, na asilimia 20 ya nafasi hizo ndizo zilizokaliwa na kalsiamu na wenzake. Zidisha: akiba ni ekwivalenti 50,000. Mwamba unaolika polepole chini unaongeza 400 kwa mwaka. Miti inayokatwa na kuondolewa inachukua 100. Asidi inayotoka angani inachukua 800. Hasara ni 500 kwa mwaka, na akiba inakwisha baada ya miaka 100.

Halafu sheria inapitishwa, vichujio vinafungwa kwenye dohani, asidi inashuka kutoka 800 hadi 200. Sasa kuna faida, lakini ni ekwivalenti 100 tu kwa mwaka. Kuirudisha akiba ilipokuwa kunataka miaka 500.

Akiba haiozi, tumeambiwa. Hii huoshwa, na kuijaza ni kazi nyingine kabisa kwa sababu mwamba haujali sheria wala hauongezewi mwendo na mtu. Modeli ya kweli hainyooki kama jedwali langu. Kadiri kalsiamu inavyopungua, ndivyo kila tone la asidi linavyotoa kalsiamu kidogo na alumini nyingi zaidi, hivyo akiba haifiki sifuri bali inakonda taratibu huku sumu ikiongezeka. Ila umbo la habari ni hilohilo: kushuka na kupanda havichukui muda mmoja.

Kuna mtego hapa ambao ningependa kila anayepima vijito aukumbuke. Katika miaka ya kwanza ya uchafuzi, kalsiamu kwenye kijito huongezeka. Ukipima maji peke yake utasema bonde hili ni tajiri, kumbe unapima mali inayotoroka. Na pH ni kipimo kibaya cha kufuatilia mambo haya, kwa sababu hukaa palepale muda mrefu kisha ikaporomoka ghafla. Ndiyo maana modeli nyingi zinabeba kiasi kingine, uwezo wa maji kutuliza asidi: jumlisha chaji za kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu na amonia, kisha toa salfeti, naitreti na kloridi. Kinachobaki kikiwa chanya, maji bado yana kinga. Uzuri wake ni kwamba kinajumlishika. Maji ya vijito viwili yakichanganyika, unatafuta wastani tu. pH haikubali hivyo.

Modeli iliyoshinda kisiasa ilikuwa rahisi kuliko hata jedwali langu. Mkataba wa kudhibiti hewa chafu inayovuka mipaka ulitiwa saini Geneva mwaka 1979. Itifaki yake ya salfa ya mwaka 1985, iliyosainiwa Helsinki, ilitaka kila nchi ipunguze asilimia 30, basi, iwe udongo wa jirani wako ni chokaa tupu inayotuliza asidi au ni graniti tupu isiyoituliza. Mwaka 1988, katika mkutano uliofanyika Skokloster, Sweden, wanasayansi walikubaliana juu ya wazo la kikomo cha mzigo: kiasi cha uchafuzi ambacho, kwa ujuzi uliopo, mfumo ikolojia unaweza kukipokea bila madhara makubwa. Ili kukipata, unauliza mwamba unatoa kiasi gani kwa mwaka, unaongeza kalsiamu inayoletwa na vumbi na bahari, unatoa inayobebwa na magogo, kisha unatoa kiasi kidogo cha kinga kinachotakiwa kibaki majini. Kwa maziwa ya Norway kiasi hicho kiliwekwa mikroekwivalenti 20 kwa lita, na hakikutolewa hewani: walilinganisha kemia ya maziwa na hali ya samaki wake, kwa kutumia uchunguzi mkubwa wa mwaka 1986 uliogusa maziwa elfu moja, wakaona trauti wanaanza kutoweka wapi.

Kwa misitu walitumia uwiano wa kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kwa alumini, mara nyingi 1:1, kwa hoja kwamba ukishuka chini ya hapo mizizi inaumia. Uwiano huo unategemea sana majaribio ya miche kwenye maabara, na kwangu mimi ndio kiungo dhaifu kuliko vyote katika mnyororo mzima. Mti mkubwa wenye kuvu kwenye mizizi si mche kwenye chupa. Lakini ulihitajika mstari, na mstari ukachorwa.

Ramani zilitengenezwa kwa miraba. Modeli ya usafirishaji wa hewa ya EMEP, mpango wa Ulaya wa kufuatilia hewa chafu, ilianza na miraba ya kilomita 150 kwa 150, na ndani ya kila mraba walichagua kikomo kinacholinda asilimia 95 ya eneo la mifumo ikolojia. IIASA, taasisi ya kimataifa ya uchambuzi wa mifumo iliyoko Austria, ikaziunganisha hesabu za gharama, usafirishaji na vikomo katika modeli ya RAINS: ukipunguza tani moja hapa, ni mraba gani kule unaopona, na kwa bei gani. Itifaki ya Oslo ya mwaka 1994 ilijengwa juu ya hesabu hiyo. Haikuitaka kila nchi asilimia ileile. Ililenga kuziba asilimia 60 ya pengo kati ya kinachoanguka na kinachovumilika. Sijui mifano mingi ya mataifa kukaa mezani na kugawana mzigo kwa kufuata kemia ya udongo wa mtu mwingine. Uzalishaji wa dioksidi ya salfa Ulaya umeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1980.

Kwa hiyo siibezi modeli hiyo. Ila angalia isichokijua. Mraba mwekundu kwenye ramani unasema mzigo umezidi kikomo. Hausemi kama samaki walishakufa zamani au watakufa baada ya miaka themanini. Mzigo ukishuka, mraba unageuka kijani mwaka uleule, na ziwa liko vilevile, limekufa. Waliokuwa wakichora ramani walilijua hili vizuri kuliko mimi. Wasiolijua ni wale waliozipokea zikiwa zimekwisha kupakwa rangi, na nimesoma taarifa nyingi ambamo kijani kinatafsiriwa kuwa kupona.

Modeli zenye saa zilikuwepo. Mashuhuri ni MAGIC, iliyochapishwa mwaka 1985 na Cosby, Hornberger, Galloway na Wright. Inalichukua bonde zima kama tabaka moja au mbili za udongo, jambo ambalo kwa mtaalamu wa udongo ni karibu na matusi, kisha inakokotoa mabadilishano ya ioni, yaani chembe zenye chaji, mwaka baada ya mwaka. Mambo mawili makubwa hayapimiki moja kwa moja: mwendo wa mwamba kulika, na udongo ulikuwa na akiba kiasi gani kabla ya viwanda. Dawa yao ni kuirudisha modeli nyuma hadi karibu mwaka 1850, kuilisha historia ya salfa, kuiacha itembee hadi leo, na kuzungusha hizo namba mbili mpaka ifike kwenye udongo na maji yaliyopimwa sasa. Mtu mwenye shaka atauliza: umeilazimisha ifike leo, utajuaje kwamba njia iliyopita ndiyo yenyewe?

Jibu lilikuwa kwenye tope. Round Loch of Glenhead ni ziwa dogo la Galloway, kusini-magharibi mwa Scotland, juu ya graniti. Chini yake kumelala diatomu, mwani wa seli moja wenye maganda ya silika, tabaka juu ya tabaka. Kila aina ya diatomu ina pH inayoipenda, kwa hiyo ukihesabu maganda chini ya hadubini, tabaka kwa tabaka, unapata pH ya ziwa kwa miaka mingi kabla ya kuwapo mtu wa kuipima. Tope la Glenhead lilionyesha ziwa likianza kuingia asidi katikati ya karne ya 19, likishuka kutoka karibu pH 5.5 hadi chini ya 5, na katika tabaka za juu mna chembe za masizi ya mafuta na makaa. Wabishi walikuwa wakisema chanzo ni misonobari iliyopandwa. Bonde la Glenhead halijapandwa misonobari.

Kwa hapo modeli na diatomu zilikubaliana juu ya mwelekeo na nyakati. Kwingine hazikukubaliana, na huko ndiko kwenye faida. Kwenye milima ya Adirondack, jimbo la New York, MAGIC ilidai kwamba maziwa yalikuwa na pH ya juu sana kabla ya viwanda, diatomu zikasema hapana, hayakuwa safi kiasi hicho. Kilichokosekana kwenye modeli ni asidi za asili, zile zinazotokana na majani yaliyooza na kuyapa maji rangi ya chai. Zilipoingizwa, pande mbili zikasogeleana. Hapa ndipo modeli inapokuwa na kazi zaidi ya kutabiri. Ilipokosa jibu sahihi, ilionyesha mahali hasa ambapo uelewa wa watu ulikuwa na tundu.

Kule Risdalsheia, kusini mwa Norway, kuanzia mwaka 1984 watafiti waliezeka paa juu ya bonde dogo zima, wakaikamata mvua chafu, wakaisafisha, na kuinyunyiza tena chini ya paa ikiwa safi. Salfeti na naitreti kwenye maji yanayotoka zilishuka haraka, lakini pH ilipanda kidogo tu, kwa sababu asidi za majani zilijaza nafasi iliyoachwa. Gårdsjön, Sweden, walifanya vivyo hivyo tangu mwaka 1991 kwa paa la mita za mraba 6,300 lililopitishwa chini ya matawi ya msitu, na huko salfeti iliyojificha ardhini iliendelea kutoka miaka mingi baada ya mvua chafu kuzuiwa. Napenda majaribio haya kwa ukaidi wake. Mtu akitaka kujua ziwa lingekuwaje bila uchafuzi, anaezeka bonde.

Mpaka hapa nimesema kemia tupu, na modeli nyingi zinaishia hapo. Kutoka ioni hadi kiumbe kuna mruko mkubwa, na ushahidi bora ninaoujua ni Ziwa 223, katika eneo la majaribio la maziwa huko Ontario, Kanada. Kuanzia mwaka 1976, David Schindler na wenzake walimimina asidi ya salfuriki ziwani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, wakaishusha pH kutoka juu ya 6.5 hadi karibu 5.0. Ziwa lilipigana. Bakteria wa kwenye tope waligeuza sehemu ya salfeti na kutuliza asidi, ikabidi wamimine zaidi ya walivyokadiria.

Trauti wakubwa hawakuuawa na asidi. Walikonda. pH ilipokaribia 6, uduvi wadogo waitwao Mysis walitoweka, na aina ya vidagaa waliokuwa chakula kikuu ikashindwa kuzaana. Trauti waliendelea kuogelea kwenye maji wanayoweza kuyavumilia, huku hawana cha kula, na hawakuzalisha vizazi vipya. Ukitazama picha za samaki hao, wamebaki kichwa na mifupa. Jambo linalonisumbua zaidi ni hili: uzalishaji wa mwani na uozaji wa mabaki ziwani haukupungua. Mtu aliyekuwa akipima "utendaji wa mfumo ikolojia" kwa vipimo vya jumla angeandika kwamba kila kitu kiko sawa.

Modeli inayosema "kinga ikiwa juu ya 20, trauti yuko salama" inamtazama trauti na matamvua yake, ambayo kweli alumini huyaziba na kuvuruga chumvi ya mwili. Haimtazami uduvi. Ni kweli kwamba zipo jitihada za kuunganisha modeli za udongo na modeli za mimea, na za mimea zimekwenda mbali kuliko za wanyama kwa sababu mmea haukimbii na chakula chake ni kemia ileile. Ila mtandao wa nani anamla nani bado haumo katika modeli zinazopelekwa kwa watunga sheria.

Hata udongo wenyewe una mambo yake. Mwezi Oktoba 1999, katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, New Hampshire, helikopta ilinyunyiza madini ya kalsiamu silikati juu ya bonde la hekta karibu 12 ili kurudisha kalsiamu iliyooshwa kwa miongo mingi. Miti ilichangamka, hasa mimepo ya sukari. Miaka kadhaa baadaye bonde lile likaanza kumwaga naitreti kwenye kijito, kwa wingi usiotarajiwa. Udongo ulipopungua asidi, vijidudu viliamka na kuanza kuchakata nitrojeni iliyokuwa imelala humo. Umelipa akiba moja, umefungulia nyingine.

Nitrojeni ingestahili makala yake. Niseme tu kwamba salfa ikishuka, inayobaki ni nitrojeni ya magari, na zaidi amonia ya samadi na mbolea, na hiyo haihesabiki kama salfa kwa sababu mimea inaitaka. Msitu wenye njaa ya nitrojeni unaimeza yote bila asidi kufika majini. Msitu ulioshiba unaitema. Kujua ni lini msitu unashiba ndipo modeli zinapotofautiana kuliko popote.

Mfano ambao ningetaka ufuatwe kwa karibu zaidi sasa hautoki Skandinavia. Udongo wa Norway ni mwembamba na mchanga kiumri, uliokwanguliwa na barafu, kwa hiyo hujibu haraka. Udongo mzee na mwekundu, wenye oksidi nyingi za chuma na alumini, hunasa salfeti yenyewe na kuizuia isitoke. Ndio udongo wa kusini mwa Milima ya Appalachia, wa kusini mwa China, na wa sehemu kubwa ya tropiki. Mahali kama nyanda za Highveld, Afrika Kusini, ambako vituo vingi vya kufua umeme kwa makaa ya mawe vimekusanyika, huwezi kuchukua namba za Norway ukazipachika.

Salfeti ikinaswa, kalsiamu haina wa kufuatana naye, kwa hiyo haioshwi. Miaka inapita, vijito viko salama, na kila mtu anasema udongo wa huku ni imara. Kisha nafasi za kunasa zinajaa. Au hewa inasafishwa, salfeti kwenye maji ya udongo inapungua, na ile iliyonaswa inaanza kujiachia ikitoka na kalsiamu. Appalachia ndivyo ilivyo: uzalishaji wa salfa Marekani umeshuka sana tangu sheria ya hewa safi iliporekebishwa mwaka 1990, lakini vijito vingi vya Virginia vimepona kwa shida au havijapona, huku mabonde yakihama kutoka kunasa salfeti hadi kuitoa. Kipimo cha kulijua hili hakihitaji modeli kubwa. Unapima salfeti inayoingia na mvua pamoja na vumbi, unapima inayotoka kwenye kijito, mwaka kwa mwaka. Inayoingia ikizidi, bonde bado linaficha. Inayotoka ikizidi, unajua limeanza kuitoa, na hapo ndipo MAGIC au ndugu zake wanapopata cha kukokotoa.